Zawadi ya Kupungua

Mashindano ya kupunguza mwili ya kanisa letu, hapa Neiafu, mji wetu wa kisiwani, niliyashinda mimi, na wala sikuwa nimeyahangaikia.

Wenzangu ndio waliohangaika. Walirukaruka ukumbini kila jioni, wakajinyima nyama ya kopo, wakanuniana. Mimi nilimzika mume wangu Semisi mwezi wa nne, basi. Msiba ulipokwisha majirani walirudi makwao, wanangu wakarudi Auckland, nami nikabaki na chai na biskuti ngumu. Kujipikia peke yako kunaudhi. Unamenya muhogo, unauchemsha, unakaa unautazama, mwishowe unawamwagia nguruwe.

Hakuna aliyeniona nikiisha, kwa sababu mjane wa kwetu hujifunga mkeka wa msiba, mkubwa, chakavu, kutoka kifuani hadi chini ya magoti. Humo ndani unaweza kuyeyuka na watu wasijue. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie, Ungatea, umekonda, una nini? Kwetu watu husemana kuhusu miili bila haya, ndiyo maana kule kunyamaziwa kuliniuma sana.

Siku ya kupimwa mara ya mwisho, nesi Kalolaine aliniambia nivue mkeka.

"Vua, mwenzangu," akadakia Fusi, jirani yangu. "Anakupima wewe, hapimi na nyumba."

Nikavua. Nesi akachukua uzito wangu, akaugawa kwa urefu, akagawa tena kwa urefu uleule. Mwanzo wa mwaka nilikuwa ishirini na tisa. Sasa nilipata ishirini na nne, sehemu ya kijani kwenye chati yake. Fusi, anayelima viazi vikuu na kubeba gunia zima begani, alipata thelathini na nne, sehemu nyekundu.

"Kwa hiyo mimi mgonjwa, huyu mzima," Fusi akasema. "Haya."

"Kipimo hiki kinajua kilo na urefu tu, mama," nesi akamjibu. "Hakijui mafuta ni yapi na misuli ni ipi. Ndiyo maana inabidi niwaulize na maswali."

Lakini foleni ilikuwa ndefu, mimi hakuniuliza. Wanawake wote sasa walikuwa wameniona bila mkeka, na walichofanya ni kupiga vigelegele.

Mchungaji akaniketisha jukwaani, mbele ya watu wote. Zawadi ilikuwa nguruwe mnono.

"Mtu kakonda, mnampa nguruwe?" Fusi akauliza, watu wakacheka.

Mchungaji akanisogezea kipaza sauti. "Tuambie, mama. Siri yako nini?"

"Nakula peke yangu."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

"Basi mume wangu na watoto wachukueni leo hii," Fusi akapaza sauti, "na mimi nikonde."

Nikataka kuinuka nipokee zawadi. Miguu ikakataa. Nikajisukuma kwa mikono, nikarudi kitini. Wakacheka tena, wakidhani nadeka. Fusi akapanda kuniinua, naye bado anacheka, akanishika juu ya kiwiko. Ndio mkono niliopondea magome ya miti ya kutengenezea nguo pamoja naye miaka yote. Akaubinya, akaubinya tena, akagusa mfupa.

Kicheko kikamkauka.

"Ungatea," akasema polepole, "tangu lini?"

"Tangu mlipoondoka msibani," nikamwambia.

Huko nyuma ya ukumbi walikuwa bado wanapiga makofi.