Picha Isiyo na Maneno

Geneviève wa Kirolirwe na kaka yake Léopold wa Pinga walikuwa hawasemezani tangu mama yao azikwe. Kosa lilikuwa la Geneviève, na mwenyewe alilijua. Mama alipokata roho, kabla hata ya kumpigia kaka yake simu, alitia picha ya marehemu kwenye statu ya WhatsApp ili watu wajue. Léopold alikuwa sokoni akinunua chumvi. Akafungua simu, akajua kifo cha mama yake kwa njia ileile waliyojua wapita njia.

Tangu hapo undugu wao ulibaki kuchunguliana. Geneviève akitia picha ya maharagwe yake, jina la Léopold linaonekana kati ya waliotazama. Neno hata moja hakuna. Ilimtosha kujua kaka amepita. Binadamu tunaridhika na makombo, jamani.

Jumapili moja moyo ukamlemea. Akatafuta picha ya zamani ya Léopold amevaa suti ya harusi, akaitia kwenye statu. Akaandika "nisamehe", akafuta. Akaandika "nakukumbuka", akafuta. Mwishowe akaiacha bila neno, akaenda misa.

Ehe! Na huku kwetu nani asiyejua maana ya picha ya mtu bila maneno? Alipotoka kanisani, simu ilikuwa imejaa pole. Binamu mmoja wa Sake aliandika kwamba amesikia ni ajali ya pikipiki, kwenye daraja. Geneviève akaifuta picha haraka, lakini watu walikuwa wameshaisambaza, na Mama Emérita, jirani yake, alikuwa ameshaingia uani akilia, wenzake nyuma.

Akawaeleza kwamba hapana, alitaka tu kuomba msamaha. Ila ile habari ya daraja ikamwingia. Akapiga simu Pinga, haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Alijua vizuri kwamba rezo, mtandao wa simu, wa Pinga hupotea ovyo, lakini pole hazikukoma, na watu wote hao watakosea pamoja kweli? Uongo alioutunga bila kujua ukamrudia kama habari. Akaketi mkekani, akalia kilio cha kweli, na majirani waliokuwa wakiondoka wakarudi kuketi.

Jioni simu ikaita. Ni Léopold.

"Geneviève, nasikia nilikufa."

Geneviève akainuka mkekani, simu sikioni.

"Niko muzima. Nilikuwa kwenye shamba, kule rezo haiko. Kurudi, naona watu wametia picha yangu kila mahali. Nikakasirika sana, nikasema dada yangu amerudilia ile ile. Kisha zikaingia meseji: Geneviève amekupigia, Geneviève amekupigia."

"Nilikutafuta, kaka."

"Ndio naona. Mama yetu, ulimutia picha. Mimi, ulinipigia."

Mama Emérita akauliza kwa mkono kama kilio kiendelee. Geneviève akatikisa kichwa kukataa, naye bado analia.