Gemu Zisizo na Sidii

Binti yangu Jerop alikuja kwangu Kiamunyi Jumapili baada ya kanisa, amebeba mashine ya gemu kwenye begi la nguo. Nyuma yake alikuja Ritu, rafiki yake wa tangu shuleni, ambaye familia yake ina saiba, duka la kukodisha intaneti, mjini Nakuru. Nilipoona waya zote zile nilijua hawakuja kunisalimia tu.

Walitaka chumba changu cha mbele, kile kinachotazama barabara. Saluni ya Jerop huko Elburgon ilichomwa Januari, kwenye ghasia za uchaguzi, pamoja na jengo zima, na tangu hapo alikuwa akiishi kwa dada yake, akisuka watu jikoni. Sasa alitaka kufungua mahali pa vijana kulipa kidogo na kucheza gemu. Nilikuwa nimemwambia sitatoa jibu kabla sijaiona biashara yenyewe. Sikuenda shule ya usiku nikiwa na watoto nyumbani ili nije kukubali nisichokielewa.

Wakaunganisha mashine na televisheni yangu. Nikauliza sidii za gemu ziko wapi. Hakuna. Kasha? Hakuna. Jerop akaeleza kwamba hizi ni gemu ndogo, zinauzwa kwenye intaneti peke yake, na mashine ilikuwa imeshinda kwa kina Ritu siku nzima ikizipakua. Nimenunua ng'ombe, mabati na kamusi maishani mwangu, na kila kimoja nilikishika kwanza.

Ile ya kwanza ilikuwa ya mbuzi anayepanda mwamba. Picha ilikuwa safi, nakubali, ila muziki ulizunguka pale pale kama mtu anayeficha jambo. Nikapewa kontrola. Mbuzi akaanguka, akaanguka tena. Nilipoelewa kwamba lazima ubonyeze kabla hajafika ukingoni, akaanza kupanda, na sitadanganya, nilisogeza kiti mbele. Mara picha ikasimama, mbuzi miguu yote hewani, na maandishi yakatokea: ukitaka kuendelea, nunua gemu kamili.

Nikaweka kontrola mezani. "Nilijua tu."

"Hiyo ni ya kuonja, mzee," Ritu akasema. "Ukiipenda ndiyo unalipa."

"Na nikilipa, nani anaifungua?"

"Mnaleta mashine kwetu saiba, inafunguka kwa intaneti."

"Kwa hivyo ufunguo uko kwenu."

Ritu akacheka. "Usiniangalie hivyo, mzee. Ufunguo uko Amerika. Mimi hata ufunguo wa saiba baba yangu hanipi."

Jerop hakucheka. Nikamweleza kwamba nilichokiona ni mtego: unampa mtu utamu, halafu unamfungia mlango. Nikamwambia saluni ilikuwa biashara. Ilikuwa na viti na vioo, vitu ambavyo mtu akivitazama anajua vina mwenyewe. Kwa nini, katika biashara zote, achague ya kuuza hewa?

"Kwa sababu haiungui," akasema. "Viti viliungua, Baba. Mashine hii ikiungua natafuta nyingine, naandika jina langu na namba ya siri, na kila gemu niliyonunua inarudi bila kulipa tena."

Nilimtazama Ritu nione kama atatabasamu, maana nilidhani ndiye aliyemfundisha maneno yale. Alikuwa ameinamia kikombe chake cha chai. Nikamwuliza Jerop swali lile lile kwa namna nyingine, kisha kwa namna nyingine tena, kama walimu wetu walivyotupima, na jibu halikubadilika. Sikuamini yote. Lakini jambo moja lilinishika na likakataa kuniachilia: binti yangu alikuwa amechagua biashara kwa kufikiria kwanza namna itakavyoungua.

"Unadhani wale wachomaji watafika hata hapa?" nikamwuliza.

"Sijui. Kule Elburgon pia sikudhani."

Muziki wa ile gemu ulikuwa bado unazunguka, na Ritu akainuka akaupunguza.

"Haya, gemu zitarudi," nikasema. "Na chumba cha kuchezea?"

"Hicho hakirudi. Ndiyo maana nimekuja kwako, Baba. Siwezi tena kupanga kwa mtu nisiyemjua."

Ritu akaanza kukusanya waya polepole, kama mtu anayetaka kusikia jibu kabla hajamaliza. Nikamwambia aziache zilipo. Kisha nikamwambia Jerop aanze kesho, awe anafunga kabla ya giza kuingia, na kwamba mimi nitakuwa nakaa humo ndani na gazeti langu, nitazame nani anaingia na ameshika nini.

"Utafukuza wateja, Baba."

"Wa kufukuzika waende," nikasema.