Mwendo wa Opondo

Katika kilabu cha shabaha kilichoko kwenye machimbo ya zamani ya mawe, barabara ya Moiben, wanaongoja zamu hukaa nyuma ya tuta la udongo. Hawamwoni anayepiga, lakini wanamsikia. Vizibo vya masikio hupunguza kishindo tu, havikizimi.

Mbuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret, alijisifu kwamba anaweza kumtaja mpigaji kwa kumsikia tu. Yeye mwenyewe alikuwa rahisi kutambulika kuliko wote. Risasi zake zilitoka kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, pa-pa-pa-pa, kama fundi anayepigilia mabati huku mvua inakuja. Bodi ya shabaha iwe karibu kiasi cha kuguswa au iwe kule ukutani, kwake ni mamoja.

Opondo alikuwa na mwendo mwingine, na Mbuthia aliuchukia. Kwenye bodi za karibu, mhadhiri huyo wa chuo kikuu kule Kesses alikimbiza risasi mbili mbili bila aibu. Akifika kwenye sahani ndogo ya chuma iliyo mbali, alinyamaza mpaka ukadhani bastola imekwama. Kisha risasi moja, chuma kinalia, na mbio zinaanza upya. Katika mchezo huu alama zako hugawanywa kwa muda uliotumia, kwa hiyo Opondo alifaidi kotekote: mbio palipo rahisi, utulivu palipo pagumu. Msimu mzima alikuwa anashinda. Mbuthia aliona huo ni ujanja wa mtu anayelipwa kwa kuongea.

Jumamosi hiyo Mbuthia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya tuta aliposikia: pa-pa, pa-pa, pa-pa. Kimya kirefu. Ting. Pa-pa, pa-pa.

"Opondo huyo," akasema kwa uchungu. "Leo anaringa kweli."

"Mimi niko hapa, Mzee." Opondo alikuwa nyuma yake, anamimina chai kutoka kwa thamosi. "Huyo ni Mama Ciku."

Mama Ciku ni Njambi, mke wa Mbuthia.

Njambi alianza kuja kilabuni kwa sababu alichoka kuachwa nyumbani kila Jumamosi. Kwa kawaida zamu yake ilimkuta Mbuthia akiwasimulia watu jinsi alivyopiga yeye, kwa hiyo hakuwahi kumsikiliza. Sasa alikuwa amemsikiliza, na alichosikia kilikuwa mwanaume mwingine.

Mtu haokoti mwendo wa mwenzake barabarani. Huupata kwa kusimama naye bega kwa bega, pengine kwa kushikwa mkono. Mbuthia akakumbuka kwamba Njambi hupeleka mayai Kesses kila wiki, kwa vibanda vya wanafunzi. Akakumbuka pia kwamba juzi alirudi kutoka huko akiimba. Tangu lini mayai yakamwimbisha mtu? Moyo ulimuuma. Alihisi mke wake ameshachukuliwa, na kwamba kilabu kizima kinajua.

Zamu yake ilipofika alipiga kwa hasira, haraka kuliko siku zote. Ile sahani ya mbali haikulia hata mara moja. Msimamizi aliandika alama zake bila kumtazama usoni.

Alimkuta Opondo kwenye buti ya gari lake.

"Opondo, nikuulize kama mwanaume. Mke wangu ulianza kumfunza lini?"

"Kumfunza?" Opondo alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake akaacha. "Baba Ciku, si mimi. Ni yeye alinifunza. Mimi nilikuwa nakimbia tu kama wewe. Pole, lakini ni kweli. Nikamuuliza anafanyaje, akanieleza pale pale mbele ya watu. Kwani hujui? Nilidhani alikuambia wewe kwanza."

Njambi alikuwa kwenye gari lao, anafuta bastola kwa kitambaa. Mbuthia alisimama mbele yake.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuambie nini?"

"Huo mwendo."

"Nilikuambia." Hakuacha kufuta. "Ile siku nilipogundua. Nilikuambia macho yakishika bodi haraka, kidole kiende haraka. Macho yakichelewa, kidole kingoje. Ukaniambia nisikuharibie mkono."

Alikumbuka. Alikumbuka hata alivyowasimulia jamaa dukani siku hiyo, wakacheka mpaka mmoja akamwaga soda.

Ungedhani angeshusha pumzi, kwa kuwa hakuna aliyeibiwa. Wapi. Wivu ulimzidi. Huyo Opondo hakuchukua chochote kwa hila. Alipewa kilekile ambacho Mbuthia alikuwa amewekewa mkononi kwanza, akakitupa, na mwenzake alichofanya ni kuuliza tu. Sasa kila Jumamosi, mbele ya watu wote, ingebidi asikilize mtu mwingine akikitumia.

"Basi niambie tena," akasema kwa sauti ya chini.

Njambi aliweka bastola ndani ya mkoba, akafunga zipu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomchoma Mbuthia zaidi.

"Leo nimechoka, Baba Ciku. Muulize Opondo. Anaujua wote."