Kifuani kwa Tumpe

Mara ya kwanza Faustina kumwona mwanawe, mtoto alikuwa kifuani kwa mwanamke mwingine. Ilikuwa picha tu ya simu. Nesi Evarista alimshikia simu hiyo mbele ya uso, maana mkono mmoja ulikuwa na dripu na puani kulikuwa na mpira wa oksijeni. Kichwa kidogo chenye kofia ya sufu kilichungulia kwenye kitenge, na juu ya kofia palikuwa na barakoa na macho ya wifi yake, Tumpe. Macho yale yalikuwa yanacheka. Faustina alijua anapaswa kumshukuru Mungu. Badala yake kitu cha moto kilimpanda kutoka kwenye mshono wa tumboni hadi kooni.

Alikuwa ameletwa Iringa mjini kutoka Mafinga, Agosti ya mwaka 2021, mimba ikiwa ya wiki thelathini na mbili. Ilianza kama mafua ya baridi, ikawa kikohozi, na siku ya tano akawa hamalizi sentensi bila kupumzika. Kipimo kikaonyesha korona. Madaktari walipoona hali inazidi kuwa mbaya, wakampasua na kumtoa mtoto wa kike, njiti wa kilo moja na gramu mia sita. Mtoto kama huyo, daktari alisema, anahitaji joto la kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Mama hakuwa na nguvu hata ya kuinua kikombe. Mama yake mzazi, kule Igowole, alikuwa mzee wa presha. Benjamini, mumewe, naye alikuwa anakohoa na hakuruhusiwa kukanyaga wodini. Ndipo alipompigia dada yake aliyeko Mwanjelwa, Mbeya, na Tumpe akafunga duka lake la vitenge siku hiyohiyo.

Siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji Faustina alitolewa oksijeni. Nesi Evarista alimwelekeza avae barakoa, anawe mikono vizuri, kisha amnyonyeshe mwanawe bila hofu, kwa sababu maziwa yake hayana tatizo. Akamlaza mtoto kifuani kwake. Mtoto akalia mpaka midomo ikatetemeka. Tumpe akanyoosha mkono, akampapasa, mtoto akatulia.

"Mercy anapenda kushikwa hapa, chini ya bega," alisema.

"Mercy?"

"Nilikuwa namwita hivyo tu, wifi. Ilibidi nimwite kitu."

Tangu hapo Faustina hakuona kingine. Aliona manesi wanavyomuuliza Tumpe habari za mtoto kabla ya kumuuliza yeye. Aliona Tumpe anavyojua kumnywesha maziwa kwa kikombe bila tone kumwagika. Hata harufu ya mtoto ilikuwa ya mafuta ya Tumpe. Siku ya tatu alishindwa kuvumilia. Alijua fika kwamba wifi yake ameharibikiwa na mimba mbili na hana mtoto, na hapohapo ndipo alipochagua kumchoma.

"Rudi Mbeya, wifi. Watu wasije wakasema umekuja kujitafutia mtoto."

Tumpe alikunja kitenge chake taratibu, akamwekea wifi yake chai kwenye chupa, akaondoka.

Faustina alibaki na mwanawe kama alivyotaka. Lakini mapafu yalikuwa bado hayajapona. Akimfunga kifuani nusu saa, pumzi zinamwishia na jasho linamtoka, inabidi amlaze kitandani, na miguu ya mtoto inapoa. Kila asubuhi mtoto alipimwa. Siku ya pili uzito ulikuwa umeshuka gramu sabini.

"Unamhitaji mtu wa kupokezana naye," Nesi Evarista alimwambia. "Yule wifi yako yuko wapi?"

Faustina alisema amerudi dukani. Kisha akalia, akamweleza nesi ukweli wote, na nesi hakumlaumu wala hakumfariji. Alimpa tu simu.

Tumpe alifika kesho yake mchana. Alinawa, akavaa barakoa, akasimama mbali kidogo na kitanda, mikono ameiweka nyuma kama mgeni.

"Nilikuonea wivu," Faustina alisema. "Bado nakuonea."

Tumpe alisogea, akashika ukingo wa kitanda.

"Na mimi sikuwa safi, wifi. Siku ile alipolia kifuani kwako akanyamaza kwa mkono wangu, nilifurahi. Nilijichukia, lakini nilifurahi."

Faustina alifungua kitenge, akamtoa mtoto na kumkabidhi. Ilimuuma kama mtu anayebanduliwa bandeji.

Walipokezana saa mbili mbili kwa wiki tatu. Faustina alinyonyesha, Tumpe alimpa mtoto joto wakati mama akilala, na uzito ukapanda hadi kilo mbili. Wakaruhusiwa. Mafinga, Benjamini alikuwa amepona na ameranda mbao za kitanda cha mtoto kwa mikono yake. Tumpe aliwasindikiza mpaka mlangoni, akakataa kuingia, akasema akiingia hatatoka.

Jioni ile mtoto alilia sana, akigeuzageuza kichwa kutafuta kifua kingine. Faustina alijua anamtafuta nani. Alimpapasa chini ya bega, akasubiri, akaendelea kumpapasa.