Sauti Iliyorudi Nusu ya Njia

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye foleni ya uwanja wetu wa mpira, nimekuja kuchukua sauti ya Baba.

Foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu alikuwa ameshika sauti yake mkononi. Wengine walikuwa wamezifunga kwenye kanga, wengine wamezitia kwenye mifuko ya rambo. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa na ya kwake kwenye hotipoti ili isipoe. Mimi sikuwa na kitu mkononi, na hakuna aliyelishangaa hilo.

Inafaa nieleze mapema. Baba yangu, Mzee Mihayo, ni mwanzishaji. Timu yetu inaitwa Asali Rangers, na tangu nimepata akili hakuna wimbo ulioimbwa jukwaa la mzunguko, lile la watu wa kawaida lenye bati, bila yeye kuuanza. Masika yaliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mguu ukafuata, na maneno yakaondoka yote, hata jina langu. Tangu hapo jukwaa limepooza pamoja naye. Watu wanakuja, wanakaa, wanatazama mpira kama watu wanaosubiri majibu ya vipimo. Nyumbani Baba ana sauti moja tu iliyobaki, ya kuguna chini chini, asubuhi na alasiri. Tukiisikia tunajua maumivu yamempanda. Mimi hukimbilia jikoni kumsagia kidonge, Mama humnywesha na uji, Baba analala. Hayo si ya ndotoni. Hayo ndiyo maisha yetu, na nimeyachoka.

Turudi kwenye foleni. Langoni alikuwepo Mtambaapanya, yaani ule mwamba wa juu wa goli, amevaa kofia ya askari. Alikuwa amelala hewani kama kawaida yake, kwa hiyo kila aliyepita ilimlazimu kuinama.

"Sauti yako iko wapi?" akaniuliza.

"Sikuja na yangu. Nimekuja kuchukua ya baba yangu."

"Aliiacha wapi?"

"Hapa hapa. Jukwaa la mzunguko, karibu na ngoma."

"Nyumbani mmeitafuta?"

"Nyumbani hazungumzi."

"Sikuuliza hilo," akasema Mtambaapanya, akanipisha.

Naingia. Ndani si uwanja, ni wodi. Vitanda vimepangwa kwa safu mpaka macho yanapoishia, na juu ya kila kitanda kimelala kiti cha plastiki, kimefunikwa shuka hadi mgongoni. Kunanuka dawa ya kupigia deki. Muuguzi wa zamu ni Njia ya Wakimbiaji, ile njia nyekundu inayouzunguka uwanja wetu. Ni mpana kiasi kwamba akianza kupita vitandani anazunguka wodi nzima na kukutana na mwenyewe mlangoni.

"Hawa wanaumwa nini?" nauliza.

"Utupu," anajibu huku akikipima kiti kimoja joto. "Kiti kikikosa mtu kinameza sauti ya jirani. Na sauti ya mwenzako haisagiki tumboni."

Kiti hicho kikajiinua kwa kiwiko. Kilikuwa na rangi ya bluu iliyopaushwa na jua. "Na hao wanaotukalia nao hawatusaidii," kikasema. "Aliyekaa, sauti yake inakunjika hapa." Kikanionyesha mahali mgongo wake unapokutana na makalio. "Mimi ni kiti, sipaswi kusema maneno haya, lakini ukitaka kusikika, simama."

Nikakishukuru. Kikajifunika shuka.

"Dada," nikamwambia Njia ya Wakimbiaji, "sauti ya baba yangu umewahi kuiona?"

"Sauti zote zinazokwenda kwa wachezaji zinanipita mimi. Nazipima, nazikata nusu, inayobaki naiacha iende."

"Kwa nini unazikata?"

"Mimi ni upana. Upana kazi yake ndiyo hiyo." Hakuwa na haya wala chuki. "Lakini ya baba yako nilikuwa siigusi. Wenzake wote wanawarushia wachezaji, mbali kule, inafika kwangu imeshachoka. Yeye alikuwa anampa aliye ubavuni mwake. Huyo anampa wa pembeni yake. Inazunguka jukwaani kwanza, inanenepa, halafu inaniruka kwa juu siwezi hata kuishika mkia. Baba yako hakuwa mpiga kelele hata siku moja."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo silikubali, kwamba baba yangu alikuwa mpiga kelele kuliko watu wote wa mji wetu na Mama ni shahidi. Lakini nilipokumbuka vizuri nikaona sijawahi kumsikia akipiga kelele. Nilikuwa nasimama naye kila mechi, na nilichokuwa nasikia ni sisi.

Nafungua mlango wa wodi nitoke, natokea jikoni kwetu. Hakuna aliyenieleza sababu na sikuuliza. Ngoma amekaa kwenye kigoda cha Mama, anakula ugali na mlenda. Kila tonge analomeza linagonga ngozi kwa ndani, na kila likigonga anasema samahani.

"Karibu," akasema.

"Ahsante, nimeshiba. Namtafutia Baba sauti yake."

"Kama umekuja kunilaumu, panga foleni. Ninasingiziwa sana. Eti kelele zote za uwanjani ni mimi. Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu lini, basi. Cha kusema wanakuja nacho wenyewe."

"Na Baba ulikuwa unamwambia lini?"

"Yeye alikuwa hanisubiri." Ngoma akaweka tonge chini. Alipomzungumzia Baba sauti yake ilishuka, na nikaona kwamba naye anamkumbuka. "Ule wimbo wenu wa mzinga mnauanza vipi?"

"Tunavuma. Uwanja mzima, midomo imefungwa, kama nyuki."

"Na kabla ya uwanja mzima?"

Sikujua kama kuna kabla.

"Kabla yake yuko yeye peke yake," akasema Ngoma. "Anafunga mdomo, anavuma chini kabisa. Hata wachezaji hawasikii. Ukianza juu, wenzako watapanda wapi? Akimaliza pumzi, ananigonga mara tatu kwa pete yake, hapa kwenye ubao. Ndiyo namna yake ya kusema, haya, pokeeni. Mkishapokea anapandisha kidogo, mnapokea tena, anapandisha. Mkifika juu ndipo anauliza, mzinga wa nani. Nanyi mnajibu, wetu. Hapo ndipo watu wa mjini wanafunga madirisha."

Nilitazama pembeni mwake. Palikuwa na kijishimo kwenye ubao, kidogo na laini, kama kile kinachobaki pale ambapo mtu huweka kidole kila siku.

"Mimi nilikuwa nasimama naye bega kwa bega, mechi zote," nikasema. "Sijawahi kumsikia akigonga."

"Utamsikiaje, na watu walikuwa wameshapokea?"

Kabla sijajibu, paa la jikoni letu likainuka, likaendelea kuinuka, na jikoni likawa jukwaa la mzunguko limejaa watu. Wote wamesimama, wote kimya, kila mmoja na sauti yake mkononi. Mama wa hotipoti alikuwa pembeni yangu. Juu yetu alikuwa Bati mwenyewe, yule mkongwe wa jukwaa, ana kutu mabegani na misumari iliyolegea.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba," akasema Bati. "Marahaba." Kila neno alilisema mara mbili, mara ya pili kwa chini. Sitaliandika mara mbili kila mahali.

"Nimekuja kuomba sauti ya baba yangu. Hata kama si yote. Hata jina langu tu, akiweza kulitamka, nitashukuru."

Nilipolisema hilo nilianza kulia, bila kujificha. Nilikuwa nimelibeba tangu masika na sikuwa nimemwambia mtu, hata Mama.

"Mimi situnzi," akasema Bati. "Ninapokea, ninarudisha. Watu wananiona nina kelele nyingi, lakini sina hata moja iliyo yangu."

"Kwa hiyo imepotea."

"Sijasema imepotea. Inakuja. Kila siku inatoka kwenu, asubuhi na alasiri, inakuja huku. Inafika nusu ya njia, haioni mtu wa kuipokea, inarudi."

"Haiwezekani. Baba hasemi."

"Sijasema anasema. Sikiliza."

Bati akatikisika. Kutoka kwenye misumari yake ikashuka sauti moja, ndefu, ya chini, ya mdomo uliofungwa. Haikuwa na furaha wala huzuni. Ilishuka ikanipita masikioni, na mwili wangu ukashtuka, mguu mmoja ukapiga hatua kwenda jikoni kabla sijauambia. Nilikuwa naijua sauti hiyo kuliko yangu mwenyewe.

"Hiyo siyo," nikasema. "Hayo ni maumivu. Nayasikia nyumbani kila siku."

"Na ukiyasikia unafanya nini?"

"Tunampa dawa. Analala."

Uwanja mzima ukakaa chini.

Hakuna aliyenizomea, na afadhali wangenizomea. Walikaa tu, safu baada ya safu, wakishusha sauti zao magotini. Upande wa pili hata mashabiki wa wageni, ambao siku zote wana neno, walivua kofia. Ngoma aligeuza uso. Nilibaki nimesimama peke yangu, mikono mitupu, nikimwona Baba kitandani kwetu akianza wimbo, akisubiri, na mimi nikija na kidonge. Kesho yake akianza tena. Na mimi nikija tena. Miezi yote hiyo. Yeye hakuchoka kuanza.

Nikafungua mdomo niitikie, hakuna kilichotoka. Sikuwa nimekuja na yangu.

Mama wa hotipoti akafunua kifuniko. Mvuke ukapanda.

"Chota kidogo," akaniambia. "Bado ina moto."

Nikachota kwa kidole, nikatia mdomoni, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, tena kumekucha kwelikweli, jua liko dirishani. Nilikuwa nimepitiwa na usingizi, jambo ambalo si kawaida yangu. Koo lilikuwa na joto. Nikakaa kitandani, nikajiambia ndoto ni ndoto, watu huota wanakula mawe wakaamka wana meno yao.

Ndipo nikamsikia Baba chumbani kwake akianza kuguna.

Mguu wangu ukaelekea jikoni kama kawaida. Lakini jikoni Mama alikuwa ameshamaliza kila kitu, kwa kuwa niliamka mimi wa mwisho. Nilikutana naye kwenye korido ameshika kikombe cha uji, anakoroga.

"Yamempanda mapema leo," akasema. "Nipishe nimpe, apumzike."

"Mama, hebu subiri kidogo."

"Nisubiri nini, na mtu anaumia?"

"Kidogo tu. Naomba."

Alinitazama jinsi anavyomtazama mtu aliyeanza kuugua malaria, lakini akasimama. Tukaingia pamoja. Baba alikuwa amelala chali, macho yake juu kwenye bati la nyumba yetu, ambayo haina dari. Mdomo umefungwa. Sauti ilikuwa ya chini, imenyooka, haitetemeki kama sauti ya anayeumia, na nilishangaa ni kwa namna gani nimeisikia miezi yote bila kuisikia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ikaendelea mpaka pumzi ikaisha.

Kisha mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukajongea kwenye chuma cha kitanda, na pete yake ikagonga. Mara tatu.

Nikamtazama Mama. Yeye hakushtuka.

"Ndivyo anavyofanya nikichelewa na dawa," akasema. "Hujawahi kumsikia kwa sababu wakati huo huwa uko jikoni unasaga."

Baba hakutazama kikombe. Alikuwa anatazama bati, anasubiri, kwa uvumilivu wa mtu anayejua wenzake wako wengi na wengine bado wanaingia getini.

Nikasimama, kwa sababu nilikuwa nimeonywa kuhusu kukaa. Nikafunga mdomo, nikavuma, chini kabisa, pale pale aliponiachia.

Baba akageuza shingo. Nilidhani angelia, lakini hakulia. Alinisikiliza kwanza, kwa umakini, kama anayekagua kazi. Halafu akavuta pumzi na akapandisha, kidogo tu, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kufuata. Nikapanda. Akapandisha tena. Nusu ya mdomo wake ilikuwa inatabasamu na nusu nyingine haikupata habari. Bati la nyumba yetu likaanza kuturudishia, na nje mtu aliyekuwa anafagia akaacha kufagia.

Tulipofika juu akafungua mdomo.

"Nzinga wa nani," akasema. Lilitoka limepinda, kwa upande mmoja, lakini lilikuwa neno, na lilikuwa lake.

"Wetu," nikajibu, na sauti yangu ikanikatikia hapo.

Mama hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira maishani mwake. Aliutazama uji, akamtazama mumewe, akainama akaweka kikombe sakafuni, mbali na miguu yetu. Akajifuta mikono kwa kanga.

"Na mimi," akauliza, "naingia wapi?"