Kivuli cha Midodoki

Mforsadi wa uani kwetu uliangushwa na dhoruba mwaka uleule tuliomzika mume wangu, Sangdu. Watu wa kanisa walikuja na misumeno, wakaukata vipande, wakala tambi baridi, wakaondoka. Nilisimama mlangoni nikitazama uwanja mtupu. Nilijua napaswa kuhisi kitu. Nikaenda kuosha mabakuli.

Baridi ilipopita, Dada Malsun, jirani yetu na mwenzangu katika ibada ya alfajiri, alinishauri nimwage saruji uwanja mzima. Alisema jua lote lile ni baraka: pilipili zitakauka upesi, wala sitazianika kando ya barabara kama yeye. Sikumbishia. Sikuwa nikibishana na mtu tena.

Lakini kulikuwa na mama mkwe. Miaka themanini alishaipita, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikwenda kuketi kwenye kitanda cha mbao kilichokuwa chini ya mti ule. Mbao bado zilikuwa na madoa ya zambarau ya forsadi. Mti haukuwepo, naye alikaa palepale, taulo kichwani, akimenya vitunguu saumu juani. Joto lilipoanza, akazimia. Daktari aliniambia kwamba akizimia tena, huenda asiamke.

Basi nikaanza kuupanga uwanja upya kwa ajili ya jambo hilo moja. Saruji nikaiacha. Nilikivuta kitanda hadi chini ya upenu wa nyumba. Kesho yake mama alikipita kama hakipo, akaenda kuketi kwenye kisiki.

"Mama, kitanda kiko huku."

"Nimekiona. Mimi si kipofu."

"Jua litakuua."

"Lipange foleni. Nina magonjwa mengine yaliyotangulia."

Nikachuchumaa kando yake. Aliendelea kumenya.

"Sangdu akirudi kutoka shambani hunikuta hapa," alisema. Kisha akaniangalia usoni. "Najua amekufa, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Kichwa kinajua. Miguu ndiyo haijapata habari."

Alfajiri iliyofuata nilipiga magoti kanisani na maneno hayakuja. Dada Malsun alikuwa akilia kando yangu, akiniombea. Mimi nilimwambia Mungu neno moja tu, kivuli, nikaketi mpaka taa zikazimwa.

Nilikirudisha kitanda mahali pake. Mti mpya ungetaka miaka ambayo mama hakuwa nayo. Kwa hiyo nilisimika nguzo nne kukizunguka, nikafunga fito za mianzi juu, nikanunua miche ya midodoki, mimea itambaayo, iliyokwisha kurefuka. Wakati ikipanda, kila mchana nilisimama nikimshikia mama mwavuli. Alisema hajawahi kuona nguzo inayopumua kwa kelele namna ile. Dada Malsun akipita aliuliza kama bibi huyu, aliyetiwa mwavuli kama bidhaa ya sokoni, anauzwa. Mama akamjibu kwamba kwa mfuko wake yeye atapata mwavuli tu.

Mwezi wa nane majani yalifunika fito zote, na maua ya manjano yakatoka. Nikauweka mwavuli ndani.

Siku hiyo mama alikuja na bakuli lake la vitunguu, akaketi, na jua likampiga uso mzima. Nilikuwa nimekosea. Nilijenga kana kwamba jua husimama utosini mchana kutwa. Baada ya chakula huwa limeshaelekea magharibi, na kivuli cha midodoki kilikuwa kimelala kwenye udongo, upande wa pili wa kitanda. Mforsadi ulikuwa mpana mno hata hatukuwahi kuliwaza jambo hilo.

Niligeuka kuufuata mwavuli. Niliporudi, mama alikuwa akishuka kitandani, polepole, mkono mmoja kwenye nguzo. Alizunguka, akaketi chini kwenye kivuli, bakuli mapajani.

"Kimehama," alisema.

Nilisimama na mwavuli uliofungwa.

"Lete kitanda huku. Au unataka nigawane vitunguu na sisimizi?"

"Na Sangdu?" nilisikia sauti yangu ikiuliza.

Alipima kwa macho kutoka pale alipoketi hadi langoni.

"Si mbali," alisema. "Ataniona."

Nikakishika kitanda, nikavuta. Kilikwama kwenye mzizi wa zamani. Nikavuta tena, na kibanzi cha mbao kikaniingia kiganjani. Kiliuma.