Kaa Wewe Kwanza

...kaa wewe kwanza, eti, kaa wewe kwanza Anastazia tuone kama kinashika, na kiti chenyewe hicho mbele yake, kimesimamishwa katikati ya ofisi ya meneja, na Hamidi, fundi wa mtaa wa Majengo, anafuta mikono kwa kitambaa, kagonga asubuhi nzima mpaka lile bomba la gesi la zamani la kuinulia kiti likachomoka, lilishachoka, meneja akikaa linashuka naye taratibu, wiki nzima huyo Geofrey anagombeza watu huku kidevu kinaikaribia meza na watu wanauma midomo wasicheke, na sasa bomba jingine limeshaingia, bwana mkubwa anaogopa kulikalia, kisa Hamidi kasema humo ndani mna gesi iliyoshindiliwa, basi, kajibanza nyuma ya kabati la mafaili na tai yake shingoni, anamtanguliza mwanamke, loo, mwanamume mzima... na jipya wapi, limeng'olewa kwenye kiti cha mzee Wambura, ndivyo shirika hili linavyojitengeneza, kinachokufa kinachunwa, gari kwa gari, taipureta kwa taipureta, na kiti cha Wambura kimelala ubavu koridoni, tundu katikati, watu wanakiruka wakienda kunywa chai... Wambura, mhasibu wa tangu shirika lilipoanza, kapunguzwa kazini mwezi uliopita, na ndiye aliyeuanzisha ule upuuzi, yeye mwenye mvi kichwa kizima, kumwamkia Geofrey shikamoo, shikamoo kwa kijana aliyeletwa juzi na soko huria lake, mdomo umejaa ubinafsishaji na ufanisi, na Geofrey akaitikia, bila haya, marahaba mzee, ndipo Anastazia akaona ehee, kumbe ndiyo njia, kesho yake naye akainama kidogo mlangoni, shikamoo bosi, na kitindamimba wa mama yake ni mkubwa kuliko huyu, akaitikiwa marahaba, na kila asubuhi tangu hapo...

"Anastazia, unanisikia? Mwekezaji anaingia kesho."

...anasikia, kwani nani asiyejua, mwekezaji anaingia kesho na anataka katibu muhtasi mmoja tu, yeye au mwenzake Edina, na jina atalitoa huyuhuyu aliyeko nyuma ya kabati, asipolitoa lake basi ni kurudi Chamwino, kwa kaka, kutwanga mtama wa kaka na kusikiliza wifi anavyoweka sufuria chini kwa kishindo, nyumba yake mwenyewe bado kuta tupu, jua linaingia litakavyo, kwa hiyo kaa mama, kaa upande nacho ushuke nacho, likilipuka lilipuke nawe, si ndiyo kazi... na mbona magoti hayataki, anaangalia lile bomba, bado lina alama za nyundo, la Wambura hili, Wambura aliamkia kuliko wote, akaamkia mpaka Ijumaa ya mwisho akiwa amebeba kikombe chake na picha ya wanawe, shikamoo bosi, marahaba mzee, safari njema, ikamfaa nini, hata kiti chake wamekitoa utumbo, basi shikamoo zote zile zilikwenda bure, zake na za Wambura, alizigawa kama karanga za msibani, tena kwa nani, kwa huyu anayechungulia, na mjinga zaidi ni nani, anayeitikia au anayeinama, mama yake angekuwa hai angemzaba kofi hapahapa mbele ya fundi...

"Kaa basi."

Hamidi anaangalia dari. Anastazia anajisikia akivuta pumzi, na sauti inayotoka ni ileile ya kuwaita wadogo zake waje kula, haina hasira hata kidogo.

"Kaa wewe, mdogo wangu."

...kiti kipo palepale kitupu, hakuna aliyekaa na yeye hana haraka, anaikunja mikono tumboni, na kesho, abaki Edina au abaki yeye, atafika mlangoni hapo asubuhi na atasimama kimya, atasimama tu, mpaka aamkiwe.